Namna ya Kuingiza Kompyuta katika Mtaala wa Shule na Chuo: Mwongozo kwa Wakuu wa Shule, Walimu wa Taaluma na Wakufunzi

Shule nyingi za sekondari nchini Tanzania zina chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake hukaa kwa mtu mmoja. Chumba hicho hufunguliwa kwa ajili ya wanafunzi wachache waliochagua somo la kompyuta, hufunguliwa tena wanapokuja wageni, na siku nyingine zote walimu wa Jiografia, Fizikia, Hisabati na Kiswahili hupita mlangoni pake wakielekea madarasani na chaki mkononi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuwaingiza walimu hao na wanafunzi wao katika chumba hicho, ili wajifunze masomo yao wenyewe kwa msaada wa kompyuta pale inapofaa.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo katika vikao vingi huchanganywa. La kwanza ni kompyuta kama somo, ambalo lina muhtasari wake, mwalimu wake, vipindi vyake na mtihani wake. La pili ni kompyuta kama nyenzo ya kufundishia na kujifunzia masomo mengine. Jambo la kwanza lina mwenyewe; la pili halina, na kwa sababu halina mwenyewe kila idara hudhani kwamba ni kazi ya idara nyingine. Nchini Kenya, waandaaji wa mtaala wa umilisi, yaani unaolenga uwezo wa mwanafunzi kutenda, walilitatua tatizo hili kwa kuuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi unaopaswa kupitia katika masomo yote, badala ya kuuachia somo moja. Shule haina mamlaka ya kubadilisha mtaala wa taifa, lakini ina mamlaka kamili juu ya hati ambazo mtaala huo hutekelezwa kwazo, yaani azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada za mwaka), andalio la somo (mpango wa somo moja), ratiba na upimaji wa ndani. Kompyuta ikiingia katika hati hizo nne, imeingia katika mtaala. Isipoingia humo, hata mashine mia moja hazitabadilisha lolote.

Dai hilo lina ushahidi. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliochapishwa mwaka 2012, ambao ulichunguza shule za msingi 319 za vijijini nchini Peru katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliona kwamba matumizi ya kompyuta yaliongezeka sana lakini haukupata ushahidi kwamba ufaulu wa Hisabati na lugha ulipanda. Mwaka 2015 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) nalo lilieleza kwamba nchi zilizowekeza fedha nyingi katika kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya kutajika katika kusoma, Hisabati na Sayansi. Mwenye kununua kwanza na kupanga baadaye ayatafakari matokeo hayo kabla ya kusaini hati ya manunuzi.

Anzieni kwenye azimio la kazi

Kazi ya kwanza hufanyika mwishoni mwa mwaka, kabla ya muhula wa Januari, na haihitaji umeme. Kila idara ikae na muhtasari wa somo lake, ipitie mada moja baada ya nyingine, na kwa kila mada ijiulize swali moja: je, hapa ubao na kitabu vinashindwa kufanya nini? Katika mada nyingi jibu la kweli litakuwa kwamba havishindwi chochote, na mada hizo ziachwe kama zilivyo. Zitabaki chache ambazo ndani yake kuna kitu kinachobadilika au kusogea na ambacho mchoro uliotulia hauwezi kukionyesha, au kuna tarakimu nyingi ambazo kuzikokotoa kwa mkono humaliza kipindi kabla ya kufika kwenye maana yake, au kuna maandishi yanayopaswa kusahihishwa na kuandikwa upya mara kadhaa. Idara ichague mada mbili, au tatu kwa wingi, kwa muhula. Shule yenye idara nane inayofanya hivyo itakuwa na vipindi vya kutosha kukifanya chumba cha kompyuta kiwe na kazi karibu kila wiki, bila mwalimu yeyote kuelemewa.

Chukua mfano wa Jiografia, mada ya hali ya hewa na tabianchi. Mwalimu huandaa jedwali la mvua ya kila mwezi kwa vituo viwili, Dodoma na Bukoba, akitumia takwimu zilizomo katika vitabu au zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wanafunzi huziingiza takwimu hizo katika programu ya lahajedwali, yaani ya majedwali yanayojikokotoa, wanapata jumla ya mwaka na wastani wa mwezi, kisha wanachora grafu mihimili ya vituo vyote viwili katika ukurasa mmoja. Kwa mkono, kazi hiyo ingekula vipindi viwili. Kwa kompyuta, nusu ya kipindi inatosha, na muda uliookolewa ndio wenye thamani, kwa kuwa sasa darasa linaweza kuulizana kwa nini Dodoma haipati mvua ya maana kati ya Juni na Septemba, kwa nini Bukoba ina vilele viwili, na Ziwa Victoria linahusikaje. Mwalimu anaweza kuongeza kituo cha tatu kilicho karibu na shule na kuwataka wanafunzi wabashiri umbo la grafu kabla ya kuichora. Azimio la kazi liseme hivyo kwa maneno hayo hayo: mada, zoezi, programu, swali la mjadala. Kuandika neno “TEHAMA” (teknolojia ya habari na mawasiliano) katika safu ya zana hakumsaidii mwalimu atakayelifundisha somo hilo mwakani.

Katika Hisabati, mada ya milinganyo ya kipeo cha pili inafaa sana kwa programu ya GeoGebra, ambayo inapatikana bila malipo na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye mashine. Mwanafunzi huandika y = ax² + bx + c na kuvisogeza vitelezi vya a, b na c. Ataona mara moja kwamba c huipandisha na kuishusha grafu, na kwamba a ikiwa hasi grafu hupinduka. Kuhusu b, wengi hubashiri kwamba itaisogeza grafu kulia na kushoto tu. Wakijaribu, wanaona kipeo, yaani ncha ya grafu, kikitembea kwenye njia iliyopinda. Mwalimu mzuri atasimama hapo na kuwaacha waitafute njia hiyo ni mchoro gani. Jibu ni parabola nyingine, y = c − ax², na mwanafunzi aliyeliona kwa macho yake kwanza atakuwa na hamu ya kulithibitisha kwa kalamu.

Kwa Fizikia, majaribio ya kuiga ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, huruhusu wanafunzi kuunganisha betri, nyaya na balbu kwa mfululizo na kwa sambamba bila hofu ya kuunguza kitu. Hata hivyo, kifaa hicho kisichukue nafasi ya maabara. Mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani hufanyika kwa ammita halisi na waya halisi, na mwanafunzi aliyezoea waya unaojiunga wenyewe kwa mguso wa kipanya atahangaika mbele ya waya uliolegea. Utaratibu unaofaa ni kuiga kwanza kwa kipindi kimoja, kisha kuingia maabara wiki hiyo hiyo.

Idara ya Kiswahili mara nyingi husahauliwa katika mipango hii, ilhali utungaji ndio kazi inayonufaika zaidi na uwezo wa kusahihisha bila kunakili insha nzima upya. Kuna kikwazo kimoja kidogo chenye madhara makubwa: programu ya kuandikia iliyopangwa kwa Kiingereza huchora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huamini kwamba amekosea. Kabla ya somo, lugha ya ukaguzi wa tahajia ibadilishwe. LibreOffice, programu ya ofisi ambayo ni ya bure, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, hivyo hoja kwamba lugha hii haiwezi kubeba kompyuta ilikwisha kujibiwa zamani.

Matumizi ya kuepukwa ni yale yanayopendwa zaidi, yaani mwalimu kuweka notisi kwenye projekta na wanafunzi kuzinakili. Huo ni ubao unaotumia umeme.

Ratiba, idadi na ufunguo

Kipindi cha dakika 40 ni kifupi mno kwa darasa linalopaswa kuhama, kuketi, kuwasha mashine na kufungua faili. Mada zilizochaguliwa ziwekwe katika vipindi pacha vya dakika 80, na kwa kuwa zinajulikana tangu Januari, mwalimu wa taaluma anaweza kuzipanga zisigongane. Wanafunzi wa zamu watangulie dakika kumi kabla, mashine ziwe zimewaka na faili ya zoezi iwe imewekwa mahali pamoja panapojulikana.

Tuseme darasa lina wanafunzi 60 na chumba kina kompyuta 15 zinazofanya kazi. Kuwasongamanisha wanne kwa kila mashine ni kumfundisha mmoja na kuwachosha watatu. Darasa ligawanywe katika nusu mbili: 30 wakae wawili wawili kwenye kompyuta kwa dakika 35, na 30 wafanye kwa daftari sehemu ya zoezi hilo hilo isiyohitaji mashine, kama vile kubashiri umbo la grafu au kuchora ramani ya vituo, kisha wabadilishane. Zoezi la daftari likiwa la kupotezea muda, wanafunzi hulitambua mara moja na kelele huanza. Kwa kila jozi, mmoja ashike kipanya na mwingine aandike matokeo, na mwalimu atangaze kubadilishana katikati ya muda. Tangazo hilo ni la lazima hasa katika shule za mchanganyiko, kwa kuwa likikosekana wavulana huwahi kipanya na wasichana hubaki waandishi mpaka kengele inalia.

Kuhusu ufunguo, uwe na nakala mbili zinazoshikwa na watu wawili, na daftari la kujiandikisha liwekwe katika ofisi ya walimu, mahali ambapo kila mtu huliona. Mwalimu aliyelazimika kumtafuta mwenye ufunguo mara mbili hatajaribu mara ya tatu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini shule hupoteza vipindi vingi zaidi kwa sababu ya ufunguo kuliko kwa sababu ya virusi vya kompyuta.

Umeme, intaneti na gharama zisizotajwa wakati wa makabidhiano

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hutumia takriban wati 100. Kompyuta 20 za aina hiyo zikitumika kwa saa nne kwa siku zitakula uniti nane za LUKU. Kompyuta mpakato 20, zenye wastani wa wati 40, zitakula uniti 3.2 kwa muda huo huo. Zaidi ya nafuu hiyo, mpakato una betri, hivyo umeme ukikatika katikati ya kipindi somo linaendelea hadi mwisho. Shule inayotegemea nishati ya jua haina budi kuufanya mpakato kuwa chaguo la kwanza, kwa maana tofauti hiyo ya matumizi ndiyo itakayoamua idadi ya paneli na betri. Mashine za mezani zilizokwisha kuwepo zitumike, lakini ziwe na kifaa cha kurekebisha volti na waya wa ardhi uliopimwa na fundi umeme, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndio huunguza.

Intaneti si sharti la kuanza. Kompyuta moja yenye diski kubwa inaweza kufanywa seva ya shule kwa kuwekewa programu kama Kolibri, ya kuhifadhi na kutoa masomo, iliyotengenezwa mahsusi kwa maeneo yasiyo na mtandao, pamoja na Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili katika faili moja. Ruta ya kawaida isiyo na bando lolote itaiunganisha seva hiyo na mashine za chumbani, na hata na simu au vishikwambi vilivyo karibu. Vitabu vilivyomo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vinaweza kupakuliwa na mwalimu anapokuwa mahali penye mtandao, kisha vikaletwa shuleni kwa flashi. Flashi hiyo ikaguliwe virusi kwenye mashine moja iliyotengwa kabla ya kuguswa mashine nyingine. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022, ambavyo serikali ilivigawa kwa walimu baada ya sensa, vinafaa kwa kazi hiyo ya kupakua na kuandaa masomo, ingawa si mbadala wa kibodi kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika.

Bajeti ya mwaka iwe na fungu la matengenezo, hata likiwa dogo, lenye kutaja betri, chaja, vipanya, wino na ujira wa fundi. Msaada wa kompyuta usio na fungu hilo upokelewe kwa shukrani na kwa tahadhari, na kamati ya shule iulize waziwazi ni nani atakayelipa chaja ya kwanza itakapoharibika.

Kumwandaa mwalimu

Semina ya siku tatu inayofundisha majina ya vitufe na menyu huwapa walimu vyeti na kuwaacha walivyokuwa. Mwalimu hujifunza programu anapoihitaji kwa ajili ya somo lake la wiki ijayo. Kwa hiyo mafunzo yafuate azimio la kazi: wiki moja kabla ya somo la mvua, walimu wa Jiografia wakae pamoja na mwalimu wa kompyuta kwa saa mbili, walifanye zoezi lenyewe kama wanafunzi, na waliandike andalio la somo wakiwa hapo. Katika kipindi cha kwanza mwalimu wa kompyuta awepo chumbani kama msaidizi. Katika cha pili abaki jirani. Katika cha tatu hahitajiki tena.

Heshima ni sehemu ya mpango huu. Mwalimu mwandamizi aliyefundisha kwa miaka ishirini haogopi mashine, anaogopa kukwama mbele ya watoto. Shule ikiteua wanafunzi wasaidizi wanne au watano kwa kila darasa, ambao kazi yao inayojulikana ni kushughulikia mashine zinazogoma, mwalimu hubaki na jukumu lake la kufundisha Jiografia na hakuna anayeona aibu. Kwa shule inayotaka kipimo cha maendeleo ya walimu, mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la mwaka 2018, una umahiri 18 katika ngazi tatu, kuanzia kupata maarifa hadi kuyaunda. Utumike kwa mwalimu kujipima mwenyewe. Ukigeuzwa kuwa fomu ya ukaguzi, walimu watajaza wanachotarajiwa kujaza.

Vyuoni

Vyuo vya ualimu vina wajibu wa pekee, kwa kuwa mwanachuo hufundisha kama alivyofundishwa. Kozi ya TEHAMA ya mwaka wa kwanza haitoshi ikiwa mkufunzi wa mbinu za kufundishia Hisabati hajawahi kuigusa kompyuta mbele ya wanachuo wake. Kila mkufunzi wa somo la kufundishia awe na angalau masomo mawili ya mfano kwa mwaka ambamo yeye mwenyewe anatumia kompyuta, na kabla ya mazoezi ya kufundisha kila mwanachuo afundishe wenzake somo moja la aina hiyo kwa dakika kumi na tano, likiwa na mpango wa akiba wa kuendelea umeme ukikatika. Mpango huo wa akiba utahiniwe kama sehemu ya somo, maana shule atakayopangiwa huenda haina mashine hata moja, na mwanachuo ajue pia wakati wa kuiacha kompyuta.

Katika vyuo vya ufundi hali ni tofauti, kwa sababu kompyuta ni chombo cha kazi yenyewe. Moduli ya matumizi ya kompyuta ya muhula wa kwanza ikisimama peke yake husahaulika kabla ya muhula wa tatu. Dawa yake ni kudai kazi za moduli nyingine zitumie ujuzi huo: makadirio ya vifaa vya ujenzi yaletwe katika lahajedwali yenye fomula zinazofanya kazi, na mchoro wa saketi uletwe kama faili inayoweza kufunguliwa na kuhojiwa, badala ya picha iliyochapishwa.

Upimaji

Wanafunzi hutilia maanani kinachopewa alama. Angalau zoezi moja la kompyuta kwa kila somo lililochaguliwa liingie katika alama za tathmini endelevu, na mwongozo wa kusahihisha upime somo lenyewe. Grafu yenye rangi za kupendeza lakini isiyo na vipimo kwenye mihimili ipate alama ndogo kuliko ile ya kijivu iliyo sahihi. Na kwa kuwa mitihani ya taifa ya masomo mengi bado hufanyika kwa karatasi, kila zoezi la mashine lifuatwe na moja la mkono: aliyechora grafu tatu kwa kompyuta achore moja kwa rula na penseli.

Kunakili hakukuanza na kompyuta, ila kompyuta imekurahisisha, na programu za akili bandia zinazoandika insha kwa sekunde chache zimekurahisisha zaidi. Kuzipiga marufuku shuleni hakuzuii kitu kwa mwanafunzi wa kutwa mwenye simu nyumbani. Kinachofaa ni kuomba rasimu ya kwanza iliyoandikwa darasani, kuilinganisha na nakala ya mwisho, na kumwuliza mwanafunzi maswali mawili ya ana kwa ana kuhusu kazi yake. Aliyeifanya atajibu.

Shule pia itunze taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu shule kama inavyozihusu kampuni. Majina, picha na alama za wanafunzi zisiachwe kwenye mashine ambayo kila mtu huiingia kwa nywila moja. Faili za alama ziwe na mashine yake, nywila yake, na nakala ya akiba iliyofungiwa kabatini.

Mwishoni mwa mwaka, kila idara irudi kwenye azimio lake la kazi ikiwa na daftari la chumba mkononi, na iandike pembeni ya kila somo lililopangwa kama lilifanyika, kama halikufanyika na kwa sababu gani, na kama wanafunzi walijibu vizuri zaidi maswali ya mada hiyo katika mtihani wa muhula. Somo lililokwama kwa sababu ya ratiba lihamishwe wiki. Lililokwama kwa sababu ya vifaa lipelekwe kwenye bajeti. Na lile lililofanyika vizuri lakini wanafunzi hawakupata chochote ambacho ubao haungewapa, liondolewe bila huruma na nafasi yake ipewe mada nyingine.